Ukaguzi wa Kiforensiki: Viwango vya Taaluma Hulinda Fedha za Umma na Wasio na Hatia

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini hata pale daftari lilipo, anayelichunguza akilishika vibaya, mali iliyopotea hairudi na aliyeipoteza hajulikani.

Katika mabaraza na vikao vya ushirikishwaji wa umma, mradi unapokwama au pesa zinapokosa maelezo, sauti huinuka: "Tunataka ukaguzi wa kiforensiki!" Dai hilo ni halali. Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka uwazi na uwajibikaji katika masuala ya fedha za umma. Hata hivyo, ni wachache wanaouliza swali linalofuata: ukaguzi huo utafanywa na nani, na kwa kanuni zipi? Somo la toleo hili linajibu swali hilo, kwa sababu ripoti iliyoandikwa bila kufuata viwango inaweza kumwachilia mwizi na kumharibia jina mtu asiye na kosa.

UHASIBU WA KIFORENSIKI NI NINI?

Ukaguzi wa kawaida wa hesabu hufanywa kila mwaka. Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa tarehe 30 Juni, na Kifungu cha 229 cha Katiba kinamtaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akague na kutoa ripoti katika miezi sita inayofuata. Ripoti za kaunti hupelekwa kwa Bunge la Kaunti, ambalo lina miezi mitatu kuzijadili na kuchukua hatua.

Mkaguzi wa kawaida hapitii kila vocha. Huchagua baadhi, huzipima, kisha hutoa maoni iwapo taarifa za fedha kwa jumla zinaonyesha hali halisi. Viwango vya kimataifa vya ukaguzi, hasa kile cha namba 240, vinaeleza wazi kwamba jukumu la kwanza la kuzuia na kugundua ulaghai ni la wasimamizi wa taasisi yenyewe. Ndiyo maana hesabu zinaweza kupata hati safi na bado, katika kona fulani, kukawa na pesa zilizoibwa.

Uhasibu wa kiforensiki ni kazi tofauti. Huanza na swali mahususi: Je, pesa hizi zilitumika kama ilivyodaiwa? Kama hazikutumika hivyo, zilikwenda wapi, kupitia mikono ya nani, na ni kiasi gani? Hapo mhasibu anaweza kupitia kila karatasi inayohusu jambo hilo, kuhoji watu, kufuatilia akaunti na kulinganisha rekodi. Tangu siku ya kwanza hufanya kazi akijua kwamba alichokiandika huenda kikasomwa mahakamani, mbele ya wakili ambaye kazi yake ni kutafuta tundu.

Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2015 inampa Mkaguzi Mkuu uwezo wa kufanya ukaguzi wa kiforensiki Bunge linapomwomba. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, nayo hutegemea sana wahasibu katika uchunguzi wake.

NANI HUWEKA VIWANGO?

Hapa Kenya, taaluma ya uhasibu inasimamiwa na Sheria ya Wahasibu ya mwaka 2008. Sheria hiyo inaitambua taasisi ya wahasibu, ICPAK, ambayo husajili wanachama, hutoa vyeti vya kuhudumu na husikiliza malalamiko kupitia kamati yake ya nidhamu. Mitihani ya CPA husimamiwa na KASNEB, ambayo pia ina mtihani maalumu wa wachunguzi wa ulaghai.

Wanachama wa ICPAK hufungwa na kanuni za maadili za kimataifa zenye nguzo tano. Hapa tunazieleza kwa lugha ya kawaida:

1. Uadilifu. Mhasibu aseme kweli, na asiruhusu jina lake litumike kwenye taarifa anayojua inapotosha.

2. Kutopendelea. Asiwe na maslahi katika jambo analolichunguza, wala asikubali kushinikizwa na mkubwa, rafiki au umati.

3. Umahiri na uangalifu. Afanye kazi anayoiweza tu, na aifanye kwa makini. Penye jambo lililo nje ya ujuzi wake, amwite mwenye ujuzi huo.

4. Usiri. Asitangaze ovyo aliyoyaona wakati wa uchunguzi, isipokuwa sheria inapomruhusu au kumlazimisha.

5. Mwenendo wa kitaaluma. Afuate sheria na aepuke lolote linaloiharibia taaluma heshima.

Mtu anaweza kudhani kwamba haya ni maneno ya kupamba ukuta wa ofisi. Sivyo. Marekani ilijifunza somo la kutopendelea kwa gharama kubwa. Kampuni ya Arthur Andersen ilikuwa mkaguzi wa kampuni ya nishati ya Enron. Mwaka 2000 ililipwa takriban dola milioni 25 kwa ukaguzi, na dola milioni 27 kwa huduma nyingine kwa mteja yuleyule. Desemba 2001 Enron ilifilisika baada ya hesabu zake kuonekana kuwa zilificha madeni makubwa. Maelfu ya wafanyakazi walipoteza kazi na akiba zao za uzeeni. Tangu hapo swali la "nani anamlipa mkaguzi, na kwa kazi gani nyingine?" halijaonekana tena kuwa la utovu wa adabu.

TUONE KWA MFANO: MALORI YA MAJI

Mfano huu ni wa kubuni. Hauhusu wadi yoyote wala mtu yeyote.

Wakati wa kiangazi, wadi moja inapelekewa maji kwa lori lililokodishwa. Lori hubeba lita 10,000, na kila safari hulipwa shilingi 15,000. Vocha za malipo zinaonyesha safari 120, jumla shilingi 1,800,000. Wakazi wanalalamika kwamba maji hayakufika mara nyingi kiasi hicho. Isitoshe, hati zote za kupokea maji zina sahihi ya karani mmoja wa wadi. Barazani watu wameshakata shauri: karani amekula pesa.

Mhasibu wa kiforensiki haanzi na karani. Anaanza na maji. Safari 120 za lita 10,000 ni lita 1,200,000, yaani mita za ujazo 1,200. Lakini mita ya kisima, kwa kipindi hichohicho, imesogea kwa mita za ujazo 846 tu. Anachukua madaftari ya shule na vituo vilivyopokea maji. Yanaonyesha safari 84, sawa na mita za ujazo 840. Rekodi mbili zilizoandikwa na watu tofauti, mahali tofauti, zinakaribiana sana. Pengo ni safari 36, yaani shilingi 540,000.

Mchunguzi mwenye haraka angeandika ripoti yake papo hapo. Anayefuata viwango anajiuliza kwanza: je, kuna maelezo mengine ya pengo hili? Anamhoji dereva na kukagua daftari la safari za gari. Anagundua kwamba wiki moja pampu ya kisima iliharibika, na lori likachota maji kwenye kisima cha wadi jirani na kuyapeleka zahanati. Stakabadhi za kisima hicho na daftari la zahanati vinathibitisha safari sita. Pengo sasa ni safari 30, yaani shilingi 450,000.

Kisha anazitazama zile hati 30 zilizobaki. Hati 22 kati yake zina tarehe za siku ambazo karani alikuwa likizoni, kwa mujibu wa fomu yake ya likizo na daftari la mahudhurio. Mhasibu anaitilia shaka sahihi iliyopo, lakini yeye si mtaalamu wa maandishi. Nguzo ya tatu inamzuia kuandika kwamba sahihi imeghushiwa. Anapendekeza hati zipelekwe kwa mtaalamu wa kuchunguza maandishi. Karani naye anahojiwa, anaonyeshwa hati, anapewa nafasi ya kueleza, na maneno yake yanaandikwa kama alivyoyasema.

Tazama viwango vimefanya nini. Kwanza, kiasi kimepungua kutoka shilingi 540,000 hadi 450,000, lakini kimepata nguvu. Kama ripoti ingebaki na safari 36, wakili wa utetezi angeanza na zile sita zenye stakabadhi, kisha angemuuliza hakimu: "Ikiwa wamekosea hapa, wamekosea wapi kwingine?" Pili, karani ambaye barazani alikuwa amehukumiwa tayari sasa anaonekana huenda ni mtu ambaye jina lake lilitumiwa. Tatu, macho yamegeuka kuelekea mahali panapofaa: nani alizipeleka hati hizo kwa malipo, nani aliidhinisha, na pesa ziliingia akaunti ya nani?

MHASIBU SI HAKIMU

Ripoti nzuri ya mfano wetu isingesema, "Fulani ni mwizi." Ingesema: vocha zinadai safari 120, rekodi zinathibitisha safari 90, malipo ya shilingi 450,000 hayana uthibitisho, hati 22 zina tarehe ambazo aliyetajwa kutia sahihi alikuwa likizoni, hivi ndivyo tulivyofanya hesabu, na hizi ndizo karatasi tulizotumia.

Baadhi ya wakazi husoma ripoti ya namna hii na kusikitika kwamba mkaguzi "ameogopa kutaja watu". Huo si woga. Kanuni za chama cha kimataifa cha wachunguzi wa ulaghai, ACFE, zinamkataza mwanachama kutoa maoni kuhusu hatia au kutokuwa na hatia kwa mtu yeyote. Nchini Marekani, taasisi ya wahasibu ya AICPA ina kiwango cha huduma za kiforensiki kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2020. Kiwango hicho hakimruhusu mhasibu kutoa hitimisho la mwisho kwamba ulaghai umetendeka, wala kukubali malipo yanayotegemea nani atashinda kesi.

Sababu yake inaeleweka. Ulaghai ni suala la sheria na la nia ya mtu. Mhasibu anaweza kuonyesha pesa zilivyosafiri. Hawezi kuingia moyoni mwa mtu. Hapa Kenya, EACC au polisi huchunguza, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma huamua kama kuna ushahidi wa kutosha kumshtaki mtu, na mahakama huamua. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, inaruhusu mahakama kupokea maoni ya mtaalamu, lakini maoni hayo hayamfungi hakimu. Hakimu hutazama jinsi mtaalamu alivyoyafikia. Mtaalamu aliyeruka mpaka na kuanza kuhukumu humpa mshtakiwa silaha: atasema uchunguzi ulikuwa na lengo la kumkomoa tangu mwanzo.

USHAHIDI HUHARIBIKA KAMA MAZIWA

Sehemu nyingine ambayo kesi huvunjika ni utunzaji wa ushahidi. Vocha ya asili ikichukuliwa ofisini, lazima iandikwe ni nani aliyeichukua, lini, kutoka wapi, na kila mkono ulioipokea baadaye. Wakipita watu watatu na mmoja asiandikwe, swali litazuka: huyo wa katikati alifanya nini nayo?

Kwa kompyuta na simu mambo ni magumu zaidi. Kuiwasha tu kompyuta na kufungua faili kunaweza kubadilisha tarehe zilizomo. Kwa hiyo mtaalamu hutengeneza nakala kamili ya diski bila kuigusa data ya asili, kisha hufanya kazi kwenye nakala. Hukokotoa pia namba ya utambulisho kutokana na data yenyewe. Herufi moja ikibadilishwa, namba hiyo haitalingana tena. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinaeleza masharti ya rekodi za kielektroniki kukubaliwa mahakamani, pamoja na cheti kinachoeleza rekodi ilivyotolewa. Kumbukumbu za malipo kutoka IFMIS, barua pepe au taarifa za benki zinaweza kuwa za kweli kabisa na bado zikazua mabishano kwa sababu utaratibu huo haukufuatwa.

MASWALI YA KUULIZA

Utakaposikia kwamba ukaguzi wa kiforensiki umeagizwa au umekamilika, una haki ya kuuliza:

• Nani anaufanya? Je, ni mhasibu aliyesajiliwa na ICPAK na mwenye cheti halali cha kuhudumu?

• Je, ana uhusiano wowote na ofisi, mwanakandarasi au mwanasiasa anayehusika? Aliwahi kuzikagua hesabu hizohizo, au kuwa mshauri wa ofisi hiyo?

• Ameagizwa achunguze nini hasa, na kipindi gani? Maagizo yenye utata huzaa ripoti yenye utata.

• Analipwa vipi? Malipo yake yasitegemee kiasi cha hasara atakachopata wala nani atapatikana na hatia.

• Je, waliotajwa walipewa nafasi ya kujieleza kabla ya ripoti kukamilika?

• Ripoti inaeleza mbinu zake, kiasi kwamba mhasibu mwingine akipewa karatasi zilezile anaweza kufika kwenye hesabu ileile?

• Ripoti imepelekwa kwa nani, na nani atafuatilia?

Mhasibu aliyesajiliwa akikiuka maadili ya taaluma, malalamiko hupelekwa ICPAK. Kamati ya nidhamu ina uwezo wa kumsikiliza na kumchukulia hatua. Asiyesajiliwa hana wa kumwajibisha kwa njia hiyo, na hii ni sababu tosha ya kuanza na swali la kwanza.

NAFASI YAKO, MKAZI

Usidhani kazi hii ni ya wataalamu peke yao. Ripoti ya ACFE ya mwaka 2024, iliyochanganua visa 1,921 kutoka nchi 138, ilionyesha kwamba asilimia 43 ya visa viligunduliwa kupitia taarifa zilizotolewa na watu. Katika mfano wetu, bila madaftari ya shule na zahanati, mhasibu asingekuwa na cha kulinganisha. Mwalimu aliyeandika "lori limefika, saa nne asubuhi" alikuwa mlinzi wa fedha za umma bila kujua.

Kwa hiyo, ikiwa wewe ni mwanakamati wa mradi, mwalimu, muuguzi au msimamizi wa kituo cha maji, andika kila kinachopokelewa: tarehe, saa, kiasi na jina la aliyekileta. Usitie sahihi hati ya kitu ambacho hujakiona, hata kama aliyekuomba ni mkubwa wako. Usitie sahihi karatasi tupu.

Ukitaka kuona nyaraka za mradi, Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 vinakupa haki ya kuomba. Peleka ombi lako kwa ofisi husika. Inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Ripoti za Mkaguzi Mkuu huchapishwa kwenye tovuti ya ofisi yake.

Ukiwa na habari za ubadhirifu, ipeleke EACC, ambayo hupokea taarifa hata za watu wasiotaka kutaja majina yao. Usichukue vocha ya asili ukaenda nayo nyumbani; eleza ulipoiona. Ukipiga picha, usiihariri; ihifadhi kama ilivyo. Usisambaze majina kwenye makundi ya WhatsApp. Mhusika akishtuka mapema, karatasi hupotea usiku huohuo. Na kama uliyemtaja ni sawa na karani wa mfano wetu, utakuwa umemharibia jina mtu ambaye huenda naye ametapeliwa.

JIPIME

Swali: Zahanati yenu imepata hati safi kutoka kwa mkaguzi. Je, hiyo inathibitisha kwamba hakuna hata shilingi iliyoibwa?
Jibu: La. Hati safi inahusu taarifa za fedha kwa jumla. Ukaguzi wa kawaida hupima baadhi tu ya malipo.

Swali: Mkaguzi amewaambia waandishi wa habari kwamba afisa fulani "ni mwizi" kabla ripoti haijakamilika. Amekiuka nini?
Jibu: Amekiuka usiri, na amejitwalia kazi ya mahakama. Huenda pia amewapa watetezi wa afisa huyo hoja ya kuivunja kesi.

Swali: Ripoti imeshusha kiasi cha hasara baada ya kupata stakabadhi zaidi. Je, hiyo ni dalili ya kuficha?
Jibu: Si lazima. Ikiwa stakabadhi hizo zimethibitishwa na ripoti inaeleza zilivyopatikana, kiasi kilichobaki kina nguvu zaidi.

Tukidai ukaguzi wa kiforensiki, basi tudai pia viwango vyake. Pesa za dawa, za maji na za karo ya watoto wetu hurudi kwa ushahidi unaosimama mahakamani, hata kama barazani hakuna aliyeupigia makofi.